Hugh Trowell, daktari wa Mulago aliyekubali kuwa alikosea

Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, akina mama walikuwa wakifika na watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu ambao kwa mtazamo wa haraka walionekana wanono. Unono huo haukuwa wa shibe. Miguu na nyuso zao zilikuwa zimevimba maji, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, ngozi ikibanduka, na watoto wenyewe hawakutaka kula wala kucheza. Wengi wao walifia wodini.

Aliyewahudumia alikuwa Hugh Carey Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas', London. Aliwasili Kenya mwaka 1929, na mwaka 1935 akahamia nchi jirani ya Uganda, kutibu Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, na hadi leo wapo wanaolijua zaidi jina la mke kuliko la mume.

Mwaka 1937 Trowell alichapisha maelezo ya ugonjwa huo na kuuita pelagra ya watoto. Pelagra ilikwisha kujulikana kwa watu wazima wanaoishi kwa mahindi matupu, na ngozi iliyobanduka ilimfanya aamini kuwa ameukamata mzizi wa tatizo. Kisha ikagunduliwa kwamba pelagra hutibika kwa asidi ya nikotini. Trowell akawapa watoto wake dawa hiyo. Hawakupona.

Tangu mapema katika miaka hiyo ya 1930, daktari Cicely Williams, aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya sasa, alikuwa amekwisha kueleza maradhi hayohayo na kuyaita kwashiorkor, neno la Waga wa huko, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi na mdogo wake. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, wakihusisha uvimbe huo na mimba mpya ya mama. Kiswahili kimeuita unyafuzi. Rwanda, Burundi na Kivu huitwa bwaki. Akina mama, kwa hiyo, walikwisha kuona ni wakati gani mtoto huingia hatarini: pale anapoachishwa ziwa ghafla na kubaki na matoke peke yake.

Trowell hakung'ang'ania kauli yake. Mwaka 1945, akiwa na mwenzake wa Uganda, Daktari E. M. K. Muwazi, alichapisha utafiti ulioutaja ugonjwa huo kuwa utapiamlo mkali. J. N. P. Davies, aliyechunguza maiti za watoto hapo Kampala, alikuta ini limejaa mafuta na kongosho limenyauka. Ugunduzi huo ulieleza mengi. Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Likinyauka, hata mlo mzuri ukija kwa kuchelewa mtoto hushindwa kuumeng'enya. Mwaka 1954 Trowell, Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor.

Tiba ya wakati huo ilikuwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, nayo iliokoa wengi hospitalini. Lakini mama akirudi kijijini maziwa hayo hakuwa nayo. Mwaka 1965, Trowell akiwa ameshaondoka, kituo cha Mwanamugimu kilifunguliwa Mulago kuwafundisha wazazi kumlisha mtoto kwa vyakula vya shambani mwao. Aidha, wanasayansi wa baadaye walipinga wazo kwamba upungufu wa protini pekee ndio chanzo, na mjadala huo haujafungwa.

Trowell mwenyewe alirejea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi wa Kianglikana. Ukasisi haukumfuta udaktari. Alikuwa amegundua kwamba kwa takriban miaka 30 aliyokaa Afrika Mashariki hakuona kwa wagonjwa wake Waafrika maradhi yaliyojaa hospitali za kwao: kufunga choo, uvimbe wa kidole tumbo, magonjwa ya utumbo mpana, mishipa ya moyo kuziba. Aliyaorodhesha katika kitabu cha mwaka 1960.

Alipostaafu ukasisi aliungana na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Kampala, kutafuta sababu. Waliielekeza lawama kwenye unga uliokobolewa na sukari. Mwaka 1972 Trowell alitoa maana ya nyuzinyuzi za chakula inayonukuliwa hata sasa: mabaki ya mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyasaga. Matoke, maharage na viazi, ambavyo bila nyongeza havikumtosha mtoto aliyeachishwa ziwa, sasa alivitetea mbele ya Waingereza wenye mikate myeupe. Kitabu chake na Burkitt kuhusu vyakula vilivyokobolewa kilitoka mwaka 1975, kingine kikafuata mwaka 1981. Trowell alifariki mwaka 1989.