Sheikh Abdulaziz al-Amawy na Cheo cha Ukadhi

Ni ada ya watu wa Kibiti na visiwa vya Delta ya Rufiji, kama ilivyo ada ya pwani nzima, kumwita sheikh kila mwenye kilemba na kitabu. Mwenye kusalisha ni sheikh, mwenye kusomesha watoto chuoni ni sheikh, mwenye kuozesha ni sheikh. Heshima hiyo si vibaya. Lakini ukadhi ni jambo jingine, na tafauti yake yabainika katika maisha ya mtu aliyeushika ukadhi jirani na Rufiji.

Mtu huyo ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawy, Mungu amrehemu. Alizaliwa Barawa yapata mwaka 1838. Alisoma Unguja kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtany, naye pia ni mtu wa Barawa na kadhi wa Kishafii, aliyefariki mwaka 1869. Hajatimia miaka 20, Sayyid Said bin Sultan akampa ukadhi wa Kilwa. Zama hizo Kilwa Kivinje, kusini ya milango ya mto Rufiji, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya pembe na watumwa, na mashitaka ya mji kama huo si mepesi kwa kijana.

Ilimu Sheikh Abdulaziz aliipata kwa walimu wake, bali ukadhi aliupata kwa mtawala. Mwanachuoni akiulizwa hutoa fatwa, na muulizaji aweza kuifuata au kuiacha. Kadhi akihukumu, hukumu huwafunga mahasimu wote wawili. Mwanamke asiye na walii, kadhi ndiye walii wake. Mke ambaye mumewe ametokomea na jahazi la boriti, hana khabari naye wala hana masurufu, shauri lake ni la kadhi. Imamu wa msikiti hana mamlaka ya kuivunja ndoa ile kwa sababu tu anasalisha, ajapokuwa mchamungu namna gani. Mali ya mayatima vivyo hivyo. Mwenye kuvichanganya vyeo hivi huenda akaoza mke wa mtu.

Baadaye Sheikh alihamia Unguja, akawa kadhi wa Kishafii siku nyingi, pamoja na makadhi wa Kiibadhi, maana wafalme walikuwa Maibadhi na raia walio wengi Mashafii. Sayyid Barghash alimtuma mpaka Ruvuma kwa mambo ya dola. Na zaidi ya hayo alisomesha, alitunga vitabu kwa Kiarabu, alijadiliana na mapadri wa Kiingereza, na katika tarika ya Kadiria alikuwa na wafuasi wake. Kwa kazi hizi hakuhitaji barua ya mfalme.

Mwaka 1891 aliuacha ukadhi, na watu hawakuacha kumwita sheikh. Alifariki Unguja mwaka 1896. Mwanawe, Sheikh Burhan, naye alikuwa kadhi huko, akafariki mwaka 1935.