Daktari wa Jeshi Aliyenasa Mwanga Hafifu

Henry Draper, daktari wa New York, alizaliwa mwaka 1837. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa daktari wa kikosi cha 12 cha askari wa miguu cha New York. Nyota hazikumpa mshahara; alizipenda tu.

Usiku wa tarehe 30 Septemba 1880, huko Hastings-on-Hudson, alielekeza darubini yake ya inchi 11 kwenye wingu la gesi la Orioni. Mtambo wa saa uliigeuza taratibu kufuata mwendo wa anga, na bamba la kioo lenye dawa likapokea mwanga kwa dakika 51. Ikapatikana picha ya kwanza ya wingu la namna hiyo. Hata hivyo, sehemu zenye mwanga hafifu hazikuonekana.

Draper hakuridhika. Machi 1882 alikesha dakika 137, nazo zikajitokeza. Novemba mwaka huo akafariki. Mjane wake, Mary Anna, akatoa fedha Harvard ili kazi iendelee.

Sisi tuliozoea lindo tunalielewa funzo hili: gizani, mwenye subira ndiye aonaye.