Johana Owalo, aliyelipa kanisa jina la Kijaluo

Siku ya kwanza nilipoliona neno Nomiya kwenye ubao wa kanisa, nilidhani ni jina la kijiji. Nikamwuliza mzee tuliyekuwa tumeketi naye katika basi la kwenda Kisumu. Mzee alicheka sana. Akanieleza kwamba hiyo ni sentensi nzima ya Kijaluo, na maana yake ni nilipewa.

Nani alipewa, tena alipewa nini? Hapo ndipo habari ya marehemu Johana Owalo inapoanza.

Owalo alikuwa mtu wa Asembo, katika Nyanza, na mwenye kiu ya dini. Aliingia Ukatoliki, akajifunza pia mambo ya Uislamu. Wafuasi wake husimulia kwamba mwaka 1907 alichukuliwa mbinguni katika maono, akapewa ujumbe. Baadaye akawa mwalimu katika misheni ya Waanglikana huko Maseno, na ujumbe huo ukazusha ugomvi. Owalo alikataa kwamba Yesu ni Mungu, tena akataka wanaume watahiriwe. Kumbuka, ndugu msomaji, desturi ya Wajaluo ilikuwa kung'oa meno ya chini, wala si kutahiri! Shauri lilifika kwa mkuu wa jimbo, John Ainsworth, naye akamruhusu kuanzisha misheni yake mwenyewe.

Basi mwaka 1914 likazaliwa kanisa ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza katika Kenya kujitenga na wamisheni. Jina lake, Nomiya Luo Mission.

Hebu fikiri majina yaliyokuwako Nyanza siku hizo. Mapadri wa Mill Hill walichukua jina la mtaa wa London. Waanglikana walijulikana kwa herufi za chama chao cha Kiingereza, CMS. Mkulima wa Asembo aliyatamka tu, kama anavyotamka jina la dawa ya dukani. Owalo yeye aliandika ubaoni maneno ambayo hata bibi kizee asiyejua kusoma angeyaelewa akisomewa. Neno mission alilibakiza, nadhani kwa sababu ndilo serikali ililolijua.

Neno la pili, Luo, lilikuwa na taabu yake. Mluhya au Mkisii akisimama mlangoni, ataingia kwa jina gani? Owalo hakuishi hata akaulizwa sana, maana alifariki mwaka 1920. Siku hizi waumini husema Nomiya Church tu. Luo imeondoka, Kiingereza kimebaki, na Nomiya haikuguswa.

Kule Musanda, Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa mwaka 1934, aliacha wafuasi waitwao Joroho. Jo ni Kijaluo, yaani watu wa. Roho ni Kiswahili chetu, na hakuna aliyekiomba ruhusa.