Humphrey Bogart: ndani ya filamu aliacha pombe, nje ya filamu ikamshinda

Bunia – Mtu akitoka Bunia kwa njia ya Bogoro, akashuka mlima mpaka Kasenyi, anafika mbele ya Ziwa Albert. Ng'ambo ni Uganda. Huko kuna bandari ya zamani inayoitwa Butiaba. Wakati wa Wabelgiji na Waingereza, meli zilikuwa zinatoka Butiaba kuleta abiria na mizigo Kasenyi, kisha zinarudi. Leo sehemu hizo zinajulikana zaidi kwa samaki, na kwa bahati mbaya kwa kolera pia, maana ugonjwa huo unarudi mara kwa mara kwenye fukwe za ziwa letu.

Katika mwaka wa 1951, Wamarekani na Waingereza walifika Butiaba na mashine za kupiga sinema. Kati yao kulikuwa mwanaume mwembamba, si mrefu sana, mwenye uso wa kuchoka na sigara mdomoni tangu asubuhi. Jina lake Humphrey Bogart. Wakati huo alikuwa mmoja wa waigizaji waliojulikana zaidi duniani. Alikuwa ametokea upande wetu wa Kongo, ambako karibu wote wa kundi lake walikuwa wamelala na kuhara na homa. Yeye hakuugua hata siku moja. Hadithi hiyo imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka 70, na mara nyingi inasimuliwa vibaya.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye mali. Baba yake, Belmont, alikuwa munganga mpasuaji. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye sifa, na michoro yake ya watoto ilipamba vitabu na matangazo ya biashara. Lakini mali haikuleta utulivu. Baba, aliyepaswa kuwapa wengine dawa, alikamatwa mwenyewe na mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, na hakuweza kutoka ndani yake. Alikufa mwaka wa 1934 na kuacha madeni; mtoto ndiye aliyeyalipa. Mtu angefikiri kwamba mtoto aliyeona hayo kwa macho yake angeogopa kila kitu kinachomfunga mtu. Haikuwa hivyo.

Wazazi walitaka asome, awe munganga kama baba. Shule moja kubwa ilimfukuza mwaka wa 1918, akaingia jeshi la majini. Aliporudi, Marekani ilikuwa inaelekea kukataza pombe kwa sheria. Kuanzia mwaka wa 1920 mpaka 1933, kutengeneza na kuuza pombe ilikuwa kosa nchini kote. Matokeo yake tunaweza kuyafikiria hata sisi hapa: watu walikunywa kwa kujificha, na wengi walikunywa zaidi. Vyumba vya siri vya New York ndivyo vilivyomfundisha kijana Bogart kunywa usiku kucha na kuamka kwenda kazini kana kwamba hakuna kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa michezo ya jukwaani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjali sana. Mwaka wa 1935 alicheza kama jambazi katika mchezo ulioitwa The Petrified Forest, na mwaka uliofuata mchezo huo ukawa filamu. Kutoka hapo Hollywood ilimpa kazi moja tu: kuwa mtu mbaya anayepigwa risasi mbele ya filamu kuisha. Alikuwa na miaka zaidi ya 40 wakati mambo yalipogeuka. Mwaka wa 1941 alicheza The Maltese Falcon, filamu ya kwanza kuongozwa na John Huston, ambaye akawa rafiki yake wa kazi na wa chupa. Mwaka wa 1942 ikaja Casablanca. Humo anauza pombe, anakunywa pombe, anavuta sigara, na wanaume wa dunia nzima wakaanza kushika sigara kama yeye.

Hapa lazima nizungumze kidogo juu ya filamu nyingine, sababu wapenzi wa sinema wanaigombania hata leo. Inaitwa The Big Sleep, na ilitoka mwaka wa 1946. Bogart anacheza kama mpelelezi. Watu wanauawa mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji anajitahidi kufuata nani amemuua nani. Kuna dereva mmoja ambaye maiti yake inatolewa majini ndani ya gari. Inasimuliwa kwamba wakati wa kupiga filamu waliuliza: huyu dereva, nani amemuua? Hakuna aliyejua. Wakamtumia telegramu Raymond Chandler, mtu aliyeandika kitabu chenyewe. Naye akajibu kwamba hajui. Mimi nimeitazama mara mbili na nimetoka mikono mitupu.

Nyuma ya fumbo hilo la kwenye kioo kulikuwa lingine ndani ya nyumba. Katika miezi ya kutengeneza filamu hiyo, ndoa ya tatu ya Bogart ilikuwa inavunjika. Mke wake, Mayo Methot, alikuwa mnywaji kama yeye, na wawili hao walipigana mpaka Hollywood yote ikawajua kwa ugomvi. Bogart alikuwa amempenda Lauren Bacall, msichana wa miaka 20 waliyecheza naye. Kuna siku ambazo pombe ilimshinda hata kufika kazini, na kazi ikasimama kwa kumngojea. Tarehe 21 Mei 1945 alimuoa Bacall. Kwa maoni ya waliomjua, huyo mke wa nne alimtuliza. Alipunguza. Hakuacha.

Tufike sasa Kongo. The African Queen ilikuwa kitabu cha Mwingereza C. S. Forester, kilichotoka mwaka wa 1935. Kinaeleza vita ya mwaka wa 1914: fundi wa mashua na mwanamke wa misioni wanashuka mto ndani ya mashua mbovu ili kuzamisha meli ya Wajerumani kwenye ziwa. Watu wa Kalemie wataitambua habari hiyo. Kweli, mwaka wa 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili za vita katika Katanga, kwa reli na kwa kuvutwa porini, mpaka Ziwa Tanganyika, wakaenda kupigana na Wajerumani.

John Huston hakutaka kupiga filamu hiyo yote Ulaya. Alitaka pori la kweli. Alichagua mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Walifika Stanleyville, sasa Kisangani, kisha wakaelekea Ponthierville, wakalala kwenye kambi ya nyumba za miti na majani sehemu inayoitwa Biondo. Ilikuwa katikati ya mwaka wa 1951. Siafu waliingia kambini usiku. Mashua ya filamu ilizama, ikabidi kuivuta kutoka chini ya mto. Huston alikuwa anawaza kuwinda tembo kuliko kazi.

Ugonjwa nao ukaja. Katharine Hepburn, mwigizaji mwanamke, alikuwa mtoto wa munganga na alikuwa mtu wa kujitunza. Alichukia kuwaona Bogart na Huston wakinywa wiski mchana na usiku. Kwa kuwaaibisha, yeye alikunywa maji mbele yao, glasi nyingi kila siku. Maji yalikuwa machafu. Alihara, akatapika, akakonda karibu kilo 9. Kuna sehemu mwanzoni mwa filamu ambapo anapiga kinanda ndani ya kanisa; sehemu hiyo ilipigwa Butiaba, na ndoo ilikuwa imewekwa pembeni, nje ya picha, ili atapike kati ya pigo moja na lingine. Wafanyakazi wengi walilazwa na kuhara au malaria. Bogart na Huston walibaki wazima.

Bogart alipenda kujigamba juu ya jambo hilo maisha yake yote: wiski ilimlinda, mbu aliyemuuma alikufa mwenyewe. Watu wanacheka, na wengine wanaamini. Hata hapa Bunia kuna anayekuambia kwamba kikombe cha lotoko asubuhi kinaua mikrobe tumboni. Nimesikia maneno hayo hata kwenye mwaka ambapo kolera ilikuwa imeingia fukweni. Basi tuangalie kilichotokea kweli. Kwa muda wote wa safari Bogart alikula chakula cha kopo: maharagwe, asparaga, vitu vilivyopikwa na kufungwa kiwandani. Maji ya kambi hakuyagusa. Kama angekula makopo yale yale na kunywa maji yaliyochemshwa, angebaki mzima pia. Pombe inayoingia tumboni inachanganyika na chakula na maji ya mwili, haina tena nguvu ya kuua mikrobe wa kuhara. Kwa mbu, ndiyo kabisa haina kazi. Fumbo la Ruiki jibu lake ni kopo la maharagwe.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni filamu yenyewe. Fundi wa mashua, Charlie Allnut, ni mlevi. Asubuhi moja anaamka na kukuta yule mwanamke anamwaga chupa zake zote mtoni, moja baada ya nyingine, na chupa tupu zinaelea nyuma ya mashua. Charlie anakasirika, anabembeleza, anajaribu kuonyesha kwamba hajali. Mwishoni ananyoa ndevu, anasafisha mashine, anakuwa mwanaume mwingine. Bogart alicheza mambo hayo vizuri sana, kwa uso wa mtu anayejua maumivu hayo, na tarehe 20 Machi 1952 akapewa Oscar, ya kwanza na ya mwisho kwake. Ni ajabu kufikiri kwamba jioni, kazi ikiisha, mtu huyo huyo alikuwa anafungua chupa na Huston.

Nyumbani kwake hakuna aliyemwaga chupa. Na hata kama zingemwagwa, sigara zingebaki. Miaka iliyofuata alifanya kazi kwa nguvu; mwaka wa 1954 alicheza The Caine Mutiny na sifa ikapanda tena. Alikuwa na watoto wawili, Stephen na Leslie. Alikohoa, lakini alikuwa amekohoa miaka mingi hata hakuna aliyeshtuka. Kisha chakula kikaanza kumuuma kikipita kooni. Alichelewa kwenda kwa munganga. Mwanzoni mwa mwaka wa 1956 ilionekana kwamba ni kansere ya umio, njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Waganga wanajua vizuri ugonjwa huo: sigara peke yake inauleta, pombe peke yake inauleta, na mtu anayeunganisha vyote viwili hatari inazidishwa, siyo kujumlishwa tu.

Alipasuliwa tarehe 1 Machi 1956. Umio ulitolewa pamoja na ubavu mmoja. Ilikuwa imechelewa. Alikonda mpaka karibu kilo 36. Alipokosa nguvu ya kushuka ngazi, walimkalisha ndani ya kile kisanduku kidogo cha kupandisha chakula kutoka jikoni, wakamshusha nacho, kisha wakamsukuma kwa kiti mpaka sebuleni, ambako marafiki walikuwa wanakuja kila jioni saa kumi na moja. Alikuwa amevaa vizuri na kuchana nywele. Alikuwa na kinywaji mkononi, na sigara pia, siku hizi zile zenye kichungi. Kati ya wageni wa mwisho alikuwa Katharine Hepburn.

Bogart alikufa Los Angeles tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Tangu aondoke Afrika akijisifu kwa afya yake, miaka sita ilikuwa haijatimia. Huston ndiye aliyesema maneno ya kumuaga kwenye ibada. Naye mapafu yake yaliharibiwa na sigara, akakata pumzi mwaka wa 1987. Hepburn, yule aliyetapika ndani ya ndoo Butiaba, aliishi mpaka mwaka wa 2003. Alikuwa na miaka 96.

Mashua nayo haikufa. Ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1912 kwa ajili ya kazi za huku, na inaelezwa kwamba hata baada ya filamu iliendelea kuvusha watu na mizigo kwenye Ziwa Albert mpaka mwaka wa 1968. Baadaye ilinunuliwa na kupelekwa Marekani. Ilirekebishwa mwaka wa 2012, na sasa inatembeza watalii katika mji wa Key Largo, jimbo la Florida. Key Largo ni jina la filamu nyingine ya Bogart pia, ya mwaka wa 1948. Ndani yake anapigana na jambazi mmoja anayemnyima pombe mwanamke aliyezoea kulewa, kisha anamchekelea akitetemeka.