Comenius: mchungaji mkimbizi aliyetaka kila mtoto asome

Tarehe 28 Machi ni Siku ya Walimu katika Jamhuri ya Cheki na Slovakia, na wanafunzi wengi huwapelekea walimu wao maua. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo aliyozaliwa Jan Amos Komenský, mwaka 1592, katika eneo la Moravia. Duniani anajulikana zaidi kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Wasikilizaji wetu wa Rungwe, Mbeya, Tabora na Sikonge walio waumini wa Kanisa la Moravian wana uhusiano naye wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Tutaufikia uhusiano huo mwishoni.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na hasa jambo moja: namna imani yake ya Kikristo ilivyojenga mawazo yake kuhusu shule. Tunapozungumzia viboko, msongamano wa wanafunzi darasani, lugha ya kufundishia au mtoto wa kike anayeachishwa masomo, tunayarudia mambo ambayo mchungaji huyu aliyaandikia karibu miaka 400 iliyopita.

Yatima aliyechelewa shule

Familia ya Comenius ilikuwa ya Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililoanzishwa mwaka 1457 na wafuasi wa mafundisho ya Jan Hus, padri aliyechomwa moto mwaka 1415. Ndugu hawa walipenda maisha ya kiasi, Biblia katika lugha ya watu na nidhamu ya pamoja. Walijua pia kuteswa kwa ajili ya imani.

Comenius alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, baba na mama yake walifariki, na dada zake wawili pia. Akalelewa na shangazi yake. Masomo yake yalivurugika, na shule ya Kilatini aliianza akiwa na miaka 16, akikaa darasani na watoto wadogo kwake. Umri huo ulimsaidia kuona kilichomponyoka mtoto mdogo: kwamba wanafunzi walikaririshwa kanuni wasizozielewa, kwa lugha wasiyoijua, na waliposhindwa walichapwa.

Baadaye alisoma Herborn na Heidelberg huko Ujerumani, akarudi nyumbani kufundisha, na mwaka 1616 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1618 alipelekwa Fulnek, akawa mchungaji wa usharika na msimamizi wa shule. Huenda angeishi hapo maisha yake yote, lakini mwaka huohuo vita vilianza.

Vita vilivyomnyang'anya kila kitu

Vita hivyo vilidumu miaka 30, kuanzia 1618 hadi 1648. Viliwahusisha watawala wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, na nyuma ya dini kulikuwa na kugombea ardhi na madaraka. Mnamo Novemba 1620 Waprotestanti wa Bohemia walishindwa katika Vita vya Mlima Mweupe, karibu na Prague. Wachungaji wa Umoja wa Ndugu wakaanza kusakwa, na Comenius akaishi mafichoni. Mwaka 1622, akiwa mbali na nyumbani, mke wake na watoto wao wawili walikufa kwa tauni.

Mwaka 1628 alivuka mpaka pamoja na Ndugu wengine, akaenda kuishi Leszno huko Poland. Hakuiona tena nchi yake. Mtu wa namna hiyo angeweza kutumia kalamu yake kulaani adui. Comenius naye aliandika juu ya huzuni na faraja, lakini nguvu zake nyingi alizielekeza shuleni. Aliamini kwamba watu wazima wa zama zake wamekwisha kupotoka kiasi kwamba kuwanyoosha ni vigumu, kama mti mkavu. Matumaini yalikuwa kwa watoto. Kwa mtazamo wake, kufundisha vizuri kulikuwa sehemu ya kazi ya Mungu ya kuiponya dunia.

Hoja iliyoanzia katika Biblia

Akiwa Leszno alikamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu ufundishaji. Alikiandika kwanza kwa Kicheki, kisha kwa Kilatini, na toleo la Kilatini lilichapishwa Amsterdam mwaka 1657 kwa jina la Didactica Magna. Hoja yake inaanzia katika kitabu cha Mwanzo: binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Kutokana na hilo Comenius alitoa mambo matatu. Kwanza, binadamu amepewa akili, hivyo anapaswa kuvijua vitu vinavyomzunguka. Pili, amepewa mamlaka juu ya viumbe, hivyo lazima ajifunze kujitawala mwenyewe kabla ya kutawala vingine. Tatu, ametoka kwa Mungu na atarudi kwake, hivyo anapaswa kumjua. Elimu, maadili na ucha Mungu ni mafiga matatu, na likiondolewa moja chungu kinaanguka. Shule inayotoa wasomi wezi, kwa kipimo chake, imeshindwa kazi.

Kisha akauliza: ni nani aliyeumbwa kwa mfano huo? Kama jibu ni binadamu wote, basi hakuna mtoto wa kuachwa nje. Mungu hana upendeleo, naye mwalimu asiwe nao. Ndiyo maana Comenius alitaka wasome wavulana na wasichana, matajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini. Hakuona sababu ya kumnyima msichana elimu, maana naye ana akili na ameitiwa uzima uleule. Mtoto mzito wa kuelewa naye hakutakiwa kufukuzwa: kadiri alivyo dhaifu ndivyo anavyohitaji msaada zaidi.

Katika Ulaya ya wakati huo, ambapo watoto wengi wa wakulima hawakujua kusoma, haya yalikuwa mawazo mazito. Alipendekeza ngazi nne za miaka sita sita. Ya kwanza ni nyumbani, mikononi mwa mama, hadi miaka sita. Ya pili ni shule katika kila kijiji, kwa lugha ya wenyeji, hadi miaka 12. Ya tatu ni shule ya Kilatini katika kila mji, hadi miaka 18. Ya nne ni chuo kikuu katika kila jimbo, hadi miaka 24. Mfumo wetu wa leo wa awali, msingi, sekondari na chuo unafanana nao sana.

Mwalimu kama mkulima

Comenius aliamini kwamba Mungu ameandika pia katika viumbe vyake, kwa hiyo mwalimu ajifunze kutoka kwao. Ndege hatagi mayai wakati wa baridi kali. Hungoja majira yanayofaa. Mkulima hapandi kiangazi. Vivyo hivyo mtoto afundishwe jambo kwa wakati wake, kutoka jepesi kwenda gumu, kutoka lililo karibu kwenda lililo mbali. Kitu kitangulie, jina lake lifuate. Mtoto aone mbegu, aishike na kuinusa, ndipo aandike neno mbegu. Na alipewe msingi katika lugha anayoielewa kabla ya kupewa lugha ya kigeni.

Mwaka 1658 mawazo hayo yalizaa kitabu chake maarufu kuliko vyote, Orbis Pictus, kilichochapwa Nuremberg. Kilikuwa na sura 150 zenye picha, na kila kitu kwenye picha kilikuwa na namba inayokiunganisha na jina lake kwa Kilatini na Kijerumani. Herufi zilifundishwa kwa sauti za wanyama, kwa mfano mlio wa mwanakondoo. Mafunzo yenyewe yanaanza na Mungu na kumalizikia Siku ya Hukumu. Katikati yake wamo wakulima, waokaji, wafumaji na mafundi wa kila aina, kwa kuwa kazi za mikono nazo aliziona kuwa sehemu ya ulimwengu wa Mungu unaostahili kujulikana. Kitabu hicho kilitumika shuleni kwa zaidi ya miaka 100.

Kuhusu fimbo, msimamo wake ulikuwa wazi. Mtoto asichapwe kwa sababu hakuelewa somo. Kama wanafunzi hawajifunzi, mwalimu achunguze kwanza namna anavyofundisha. Hata hivyo Comenius hakuwa mpinzani wa adhabu zote. Kwa kiburi, uasi na kumkufuru Mungu aliruhusu ukali, ila utokane na upendo na uwe wa nadra, kama radi inavyopiga mara chache kuliko jua linavyowaka. Wapinzani wa viboko wa siku hizi wangemwona amekwenda nusu ya njia. Kwa walimu wa karne ya 17 alikuwa amekwenda mbali mno.

Mafanikio, na makosa

Jina lake lilienea kwa sababu ya kitabu cha kufundishia Kilatini alichokitoa mwaka 1631, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1641 aliitwa Uingereza, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuia mipango. Uswidi nayo ikamtaka aandike vitabu vya shule. Kuanzia mwaka 1650 hadi 1654 alikuwa Sárospatak, Hungaria, akijenga shule mpya. Alipanga madarasa saba, yakafunguliwa matatu tu. Hapo aliwafanya wanafunzi waigize masomo yao kama michezo ya kuigiza, ingawa baadhi ya walimu waliona ni utoto.

Zipo hoja zake ambazo hatuwezi kuzipokea bila kuzipima. Aliandika kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha wanafunzi 100 au zaidi kwa pamoja, akisaidiwa na viranja wa makundi ya watu kumi. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 100 leo anajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Nje ya shule pia aliteleza. Aliwaamini watu waliodai kutabiri kuanguka kwa watawala waliowafukuza Ndugu, akachapisha unabii wao, nao haukutimia. Mfalme wa Uswidi alipoivamia Poland mwaka 1655, Comenius aliandika kumsifu, akitumaini kwamba angewarudisha wakimbizi kwao. Mwaka uliofuata Leszno ulichomwa moto na upande wa Poland. Katika moto huo iliteketea miswada yake, pamoja na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40. Imani iliyompa subira darasani haikumlinda na haraka ya kutafuta mkombozi katika siasa.

Akiwa na miaka 64 alikimbilia Amsterdam, akapokewa na marafiki na kuanza tena kuandika. Huko alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa Naarden, Uholanzi. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha mwisho kuhusu kuirekebisha dunia ilipotea machoni pa watu hadi miaka ya 1930, miswada yake ilipopatikana Halle, Ujerumani. Humo alisema elimu haiishii ujanani: kila umri, hata uzee na maandalizi ya kifo, ni shule.

Kutoka Moravia hadi Rungwe

Comenius alikuwa askofu, naye ndiye aliyekuwa askofu wa mwisho wa Umoja wa Ndugu uliotawanywa na vita. Uaskofu huo haukufa. Mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, alikuja kuupokea. Kuanzia mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa hifadhi Herrnhut, Ujerumani, katika ardhi ya mtawala Zinzendorf. Mwaka 1735 Jablonski alimweka wakfu David Nitschmann kuwa askofu wao. Kutoka Herrnhut wamisionari walikwenda sehemu nyingi za dunia, na mwaka 1891 walifika Rungwe.

Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoraviani wengi kuliko zote duniani, na Kanisa hilo lina shule zake pamoja na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Mbeya. Lakini urithi wa Comenius si wa kanisa moja. Yeyote anayesema mtoto ni zawadi ya Mungu, awe mchungaji, shehe, mzazi au mjumbe wa kamati ya shule, anaweza kuulizwa alichouliza yeye: kama watoto wote ni wa Mungu, katika kijiji chetu ni nani aliyebaki nyumbani leo asubuhi, na kwa sababu gani?