MARIA SIBYLLA MERIAN: MAMA WA PICHA ZA VIPEPEO

Wanafunzi wenzangu, mkimwona mtu amepiga magoti mbele ya ua, kamera mkononi na pumzi ameibana, akingoja kumpiga kipepeo picha ya karibu kabisa, msimcheke. Kazi hiyo ina mama yake. Mama mwenyewe aliifanya kwa brashi na rangi za maji, kwani alifariki zaidi ya miaka 120 kabla ya ulimwengu kutangaziwa ufundi wa kupiga picha mwaka wa 1839.

Maria alizaliwa tarehe 2 Aprili 1647 mjini Frankfurt, Ujerumani. Baba yake, mchapishaji maarufu, alifariki Maria akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake akaolewa na mchoraji wa maua, Jacob Marrel, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfunza kushika brashi. Alipofika miaka 13 akaanza kuchunguza viwavi wa hariri. Hebu fikiria, msichana wa rika la kidato cha kwanza, na viwavi!

Zama hizo watu wengi waliamini kwamba wadudu huzuka tu wenyewe kutoka kwa matope na vitu vilivyooza. Maria alitaka kuona kwa macho yake. Aliokota kiwavi, akamlisha majani ya mmea uleule aliomkuta juu yake, akangoja mpaka ageuke pupa, akangoja tena mpaka atoke kipepeo au nondo. Kila hatua aliichora. Mara nyingine badala ya kipepeo walitoka nzi, na hilo pia aliliandika bila kuficha. Mwaka wa 1679 alitoa kitabu chenye picha 50, kiwavi, pupa, kipepeo na mmea wao wakiwa pamoja katika ukurasa mmoja.

Baada ya kuachana na mumewe, alihamia Amsterdam mwaka wa 1691 pamoja na binti zake wawili. Huko akaona vipepeo wa nchi za mbali, wamekaushwa na kupangwa katika makabati ya matajiri. Walipendeza, lakini kipepeo aliyekufa hakuambii alikula nini wala alianzaje. Basi mwaka wa 1699, akiwa na umri wa miaka 52, aliuza picha zake, akaandika wosia, akapanda meli na bintiye mdogo, Dorothea, wakaenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini.

Wenye mashamba walimcheka eti anatafuta kitu kingine zaidi ya sukari. Waliomsaidia ni wenyeji wa nchi ile na watumwa kutoka Afrika, ndugu zetu waliovushwa bahari kwa minyororo. Walimletea wadudu, wakamweleza matumizi ya mimea, wakamfyekea njia msituni. La kusikitisha ni kwamba kitabu chake hakiwataji kwa majina, na bila wao angeona nini?

Mwaka wa 1701 ugonjwa ulimrudisha Amsterdam. Mwaka wa 1705 akachapisha kitabu kikubwa cha wadudu wa Suriname chenye picha 60. Picha ya kwanza ni nanasi na mende. Naam, mende kama hawa wa bwenini! Mihogo na mapera yamo pia.

Picha moja ilimponza. Alichora buibui mkubwa juu ya tawi la mpera akimla ndege mdogo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wataalamu kadhaa walisema huo ni uongo mtupu, na Maria yuko kaburini, hawezi kujitetea. Ndipo mwaka wa 1863 Mwingereza Henry Walter Bates akachapisha habari za safari zake za mto Amazon, na humo akaeleza jinsi alivyomkuta buibui amewakamata ndege wawili wadogo. Kumbe! Ni kweli picha za Maria zina makosa hapa na pale, lakini kwa buibui yule alisingiziwa.

Aliaga dunia tarehe 13 Januari 1717. Lakini chanda chema huvikwa pete: katika miaka ya 1990 Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti yao ya Mark 500, iliyotumika mpaka Euro ilipoingia mwaka wa 2002.

Mpenzi msomaji, Maria hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na macho, brashi na subira. Viwavi wamejaa kwenye ua la shule yetu, na sanduku la kiberiti si ghali. Ukimwokota mmoja, usisahau jani alilokuwa akila, na uandike tarehe. Akitoka kipepeo, mchore. Akitoka nzi, mchore vilevile, usiogope atakayekubishia.