Jacobus tenBroek: Mwanasheria Aliyesoma kwa Masikio

Kila Jumamosi asubuhi, umeme uwepo usiwepo, nakaa uani kwetu Katuba na kumsomea jirani yangu silabusi za sheria. Haoni tangu utotoni, na ananiita yaya kwa sababu nimemzidi miaka mitatu. Silabusi hizo ni za Kifaransa, zimerudufiwa mara nyingi hata mistari mingine imefifia. Mimi nasoma, yeye anarekodi kwa simu, na nikikosea neno la Kilatini ananisahihisha papo hapo.

Mwaka jana aliambiwa katika ofisi moja ya mji huu kwamba avoka lazima aweze kulitazama faili la mteja, kwa hiyo atafute fani nyingine mapema kabla hajapoteza miaka. Aliponisimulia, nilifanya kosa ambalo bado linaniuma: nilikubaliana na ofisi ile. Nilimwambia aje kwetu kwenye lugha, kwa kuwa lugha hukaa masikioni na huku hatapata taabu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niendelee na ukurasa tuliokuwa tumeuacha.

Wiki zilizofuata nilianza kutafuta kama kuna mtu asiyeona aliyewahi kufika mbali katika sheria. Nikakutana na maisha ya Jacobus tenBroek, Mmarekani aliyefariki mwaka 1968. Wanasheria wanamjua kwa maandishi yake juu ya usawa mbele ya sheria, na wasioona wa nchi yake wanamjua kama mwanzilishi wa chama chao. Nayasimulia hapa kwa sababu yanamhusu jirani yangu, na pia kwa sababu yanatuhusu sisi wa lugha kuliko nilivyodhani.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1911 huko Alberta, Kanada, katika familia ya wakulima yenye asili ya Uholanzi. Alipokuwa na miaka saba, katika mchezo wa watoto wa upinde na mishale, mshale ulimharibu jicho moja. Jicho la pili likaendelea kudhoofika, na alipofika miaka 14 alikuwa haoni kabisa. Familia yake ilihamia California, na huko akasoma katika shule ya wasioona ya mji wa Berkeley.

Katika shule hiyo alimkuta mwalimu aliyembadilishia maisha, Newel Perry. Perry mwenyewe alikuwa haoni. Alikuwa mtaalamu wa hisabati mwenye shahada ya udaktari kutoka Munich, Ujerumani, lakini elimu hiyo yote haikumpatia nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Alibaki akifundisha vijana wasioona, akiwasukuma waende chuo kikuu na akiwakusanya wahitimu wake wadai haki zao kwa pamoja. Kwake tenBroek alijifunza kwamba kushindwa kwa mtu mmoja asiyeona kupata kazi kunaweza kuwa bahati mbaya, ila wakishindwa wote, sababu itafutwe kwa wanaofunga mlango.

Alisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, bila kupumzika. Mwaka 1934 alipata shahada ya kwanza katika historia, 1935 shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa, 1938 shahada ya sheria, na 1940 udaktari wa sheria. Baadaye, mwaka 1947, aliongeza udaktari mwingine wa sheria kutoka Harvard. Kila ukurasa usiokuwa katika breli ulimfikia kwa sauti ya mtu mwingine. Mwaka 1937 alimwoa Hazel Feldheym, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wasomaji wake na mshiriki wa kazi zake zote. Walizaa watoto watatu. Ninapofikiria shahada hizo zote, namfikiria pia Hazel na koo lake. Kurasa ishirini za sheria kwa sauti, siku ya joto la Oktoba, si mchezo.

Alifundisha kwanza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1940 hadi 1942, kisha akarudi Berkeley. Na hapa ndipo nilipofurahi kama mwanafunzi wa lugha: hakurudi katika shule ya sheria. Alipokelewa na Idara ya Usemi, ile iliyofundisha hoja, midahalo na namna ya kuzungumza mbele ya watu. Akawa profesa kamili mwaka 1953, na kuanzia 1955 hadi 1961 akawa mkuu wa idara hiyo. Miongoni mwa wanasheria waliofikiri kwa kina juu ya Katiba ya Marekani, mmoja alikuwa akifanya kazi kwa majirani zetu wa fani, akiwafundisha vijana kulisoma neno la sheria hadi kwenye mzizi.

Mwaka uleule wa 1940 alipomaliza udaktari wake, alifanya jambo lililomjengea jina kwa watu wasio wasomi. Katika mwezi wa Novemba, wawakilishi wa majimbo saba walikutana Wilkes-Barre, Pennsylvania, wakaunda shirikisho la kitaifa la wasioona na kumchagua kuwa rais. Mashirika yaliyoshughulika na wasioona yalikuwepo tayari, lakini mengi yaliongozwa na watu wanaoona, ambao ndio walioamua nani apewe msaada na nani afundishwe kusuka vikapu. Shirikisho hili liliongozwa na wasioona wenyewe. Sisi tunaosoma sarufi tuangalie hapo: kwa Kiswahili tukisema shirika la wasioona, kile kihusishi cha -a hakituambii kama shirika ni mali yao au limeundwa kwa ajili yao. TenBroek alitumia zaidi ya miaka ishirini kupigania tofauti hiyo ambayo kihusishi chetu kinaificha.

Sasa nifike kwenye maandishi yake, maana ndiyo yaliyonifanya niombe radhi kwa jirani yangu. Mwaka 1949 yeye na mwenzake Joseph Tussman walichapisha makala juu ya ulinzi sawa wa sheria, ahadi iliyomo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani. Makala hiyo imenukuliwa na wanasheria tangu wakati huo hadi leo. Swali lake ni rahisi kulieleza. Kila sheria hugawa watu katika makundi: wenye leseni na wasio nayo, watoto na watu wazima. Kugawa peke yake si kosa. Tunapaswa kuuliza sheria inalenga nini, kisha tutazame kama kundi lililochaguliwa linalingana na lengo hilo.

Nimejaribu kulieleza kwa mfano wa wavuvi wa Ziwa Moero. Wavu unaweza kukosea kwa namna mbili: kubeba samaki wasiotakiwa, au kuwaacha wanaotakiwa wapite. Nikauchukua wavu huo hadi kwenye ofisi ile iliyomkataza jirani yangu uavoka. Lengo lao, nadhani, lilikuwa kwamba avoka alijue faili la mteja wake. Lengo zuri. Lakini kanuni ya kuona kwa macho inamnasa kijana aliyesikiliza faili mara tatu na kulijua kwa moyo, na inamwacha apite mwenye macho mawili mazima ambaye hajawahi kulifungua. Imekosea pande zote mbili. Na ushauri wangu mimi, wa kumleta kwenye lugha kwa sababu ya masikio yake, ulikuwa wavu uleule, ila niliutupa kwa upendo.

TenBroek hakutumia fikra hizi kwa wasioona peke yao. Mwaka 1954, pamoja na wenzake wawili, alitoa kitabu juu ya watu wenye asili ya Kijapani, zaidi ya 110,000, waliohamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya magharibi ya Marekani na kufungiwa kambini wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wengi wao walikuwa raia. Kilipata tuzo ya chama cha wanasayansi ya siasa cha nchi hiyo mwaka 1955. Aliandika pia juu ya maskini, akionyesha kwamba California ilikuwa na sheria mbili za familia, moja ya wenye mali na nyingine ya wanaopokea msaada.

Makala yake ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1966, juu ya haki ya watu wenye ulemavu kuishi ulimwenguni kama watu wengine. Inahusu sheria ya madhara, yaani ile inayoamua nani alipe fidia mtu anapoumia. Alipitia hukumu za mahakama kuhusu watu wasioona walioanguka katika mashimo ya barabarani au kugongwa na magari. Mara nyingi aliyelaumiwa alikuwa aliyeanguka: kwa nini alitoka peke yake? TenBroek alijibu kwamba barabara ni ya watu wote, kwa hiyo anayechimba shimo ajue tangu mwanzo kwamba atapita mtu mwenye fimbo nyeupe, mzee, mtoto, na mtu wa magongo. Yeye mwenyewe alikuwa akisafiri nchi nzima na fimbo yake. Anayeijua mitaro ya wazi ya barabara zetu, hasa masika yanapoijaza maji hadi haitofautiani na njia, hahitaji kuelezwa zaidi.

Maisha yake hayakukosa kasoro wala mikwaruzo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shirikisho lake liligawanyika kwa ugomvi mkali wa ndani, na mwaka 1961 aliachia urais. Aliurudia mwaka 1966. Tena, jeshi alilolikusanya lilikuwa la wasioona. Viziwi walikuwa na vyama vyao, na wale ambao akili zao hufanya kazi kwa njia tofauti, kama watu wenye usonji au wanaotatizika kusoma herufi, walikuwa bado mbali na meza ya mazungumzo. Alifariki kwa saratani tarehe 27 Machi 1968, akiwa na miaka 56.

Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya watu wenye ulemavu mwaka 1990, miaka 22 baada ya kifo chake. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wake mwaka 2006, na nchi yetu ikajiunga nao mwaka 2015. Mwaka 2019 serikali yetu ilipata waziri wa kwanza wa watu wanaoishi na ulemavu, Irène Esambo, ambaye kwa taaluma ni avoka, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kuendeleza haki zao. Karatasi tunazo.

Sasa nirudi kwetu. Katika kitivo chetu tumeshabishana sana juu ya maneno: kwamba kipofu, kiziwi na kilema wamewekwa katika ngeli ya vitu, na kwamba tuseme asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Nilishiriki mabishano hayo na bado nashikilia upande wangu, maana ngeli hubeba mtazamo. Hata hivyo, shirikisho la tenBroek lilijiita kwa neno la kawaida la Kiingereza la wasioona, bila kulipamba, kisha likaenda kupigania mitihani, kazi na barabara. Katika muda wote tuliotumia kuchagua jina zuri la kumwita jirani yangu, hakuna mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyependekeza kumsomea ukurasa mmoja zaidi.

Nina pendekezo dogo kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Sisi tunafundishwa matamshi na fonetiki, na simu zetu zinarekodi. Kila mmoja wetu akisoma silabusi moja kwa mwaka, iwe ya sheria au ya fani nyingine, na faili za sauti zikawekwa pamoja, tutakuwa na maktaba kabla promosio yetu haijamaliza. Itamfaa asiyeona, na itamfaa pia yule anayeona vizuri lakini herufi zinamchanganya, ambaye leo anajificha nyuma ya odituari akidhani ni mjinga.

Jirani yangu hakuhama fani. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sheria ya mikataba, ukurasa wa 84. Nilimwomba radhi kwa ushauri wangu wa mwaka jana, akacheka, akaniuliza kama tenBroek alikuwa na wasomaji wanaotamka Kilatini vibaya kama mimi. Kisha akabonyeza simu ianze kurekodi.